Ukurasa wa Maziwa ya Shangazi

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba nitahifadhi maneno yake. Nilimwahidi mchana kweupe, nikiwa nimekaa kwenye jamvi nyumbani kwake, kijijini Busi, simu mkononi, na nilitumia neno hilohilo: nitahifadhi. Naliweka neno hilo hapa mwanzoni kwa sababu aibu yote nitakayoisimulia imetoka ndani yake.

Mwaka shangazi alipojifungua mtoto wake wa mwisho ulikuwa mwaka wa njaa. Baadhi ya kina mama wa kijijini walikauka maziwa, na mmoja, mke wa fundi mwashi, alifariki akaacha kichanga. Maziwa ya shangazi hayakukauka. Akawa analetewa watoto wa watu, naye akawanyonyesha pamoja na binti yake. Kwetu sisi Waislamu jambo hilo haliishii kwenye wema. Kichanga aliyenyonya kwa mwanamke akashiba mara tano amekuwa mwanawe, na watoto wa mwanamke huyo wamekuwa ndugu zake. Hawezi kumwoa binti wa mama huyo, kama asivyoweza kumwoa dada wa tumbo moja. Kwa hiyo mwanamke anayenyonyesha watoto wa wenzake hana budi kukumbuka. Shangazi alikumbuka: nani aliletwa, na nani, mara ngapi, kama alishiba au alilia akaondolewa. Hakuandika, maana hakupelekwa shule. Aliyabeba kichwani kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kisha akaja mwanachuo mmoja aliyekuwa akitafiti malezi ya watoto katika miaka ya njaa. Alikaa na shangazi siku tatu, akamrekodi, akayaandika mahojiano yote neno kwa neno na kuyaweka kwenye tovuti ya idara yake chuoni. Majina hakuyataja. Aliandika "mtoto wa mwashi" na "pacha wa nyumba ya kisimani", lakini mtu yeyote wa Busi angewajua. Mimi ndiye niliyemsomea shangazi ukurasa ule, mwanzo hadi mwisho, kwenye simu yangu. Alisikiliza akiwa anachambua mboga, na mahali pawili alinisimamisha kusema kwamba mwanachuo yule alikuwa kijana mzuri ila masikio yake yalikuwa ya kuazima. Nilipomaliza alisogeza mboga pembeni. Kisha akasema kwamba kichwa chake kimeanza kuvuja. Asubuhi ile alikuwa amemwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa.

"Baba, mimi nitaondoka," alisema. Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. "Haya yahifadhi wewe."

"Nitayahifadhi, shangazi."

Nikabonyeza kile kinyota cha alamisho, alama ya kuurudia ukurasa, kilicho juu ya kivinjari. Kikageuka rangi. Nikamwonyesha, naye akakitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa muhuri wa serikali.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na asasi ndogo yenye ofisi Area D, jijini Dodoma. Tulikuwa tukiandaa vitini vya kujisomea kwa watu wazima wa vijijini. Niliingia pale nikiamini kwamba elimu niliyoipata ni deni kwa wale wasioipata, na sijaacha kuamini hivyo. Ninachokidharau ni namna tulivyolilipa. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa warsha. Kila alipotoka warshani alirudi na neno jipya, kama wengine wanavyorudi na mafua, na ndani ya wiki ofisi nzima ilikuwa ikipiga chafya. Safari hiyo neno lilikuwa "usimamizi wa maarifa". Alitueleza kwamba kila mfanyakazi ana mamia ya alamisho za kurasa za mtandao zilizotapakaa kwenye kompyuta na simu yake, kwamba huo ni utajiri unaooza, na kwamba ofisi inahitaji programu moja ya kuzikusanya na kuzipanga. Akaunda kamati.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mtaalamu wa mifumo, kijana wa rika langu aliyevaa kitambulisho shingoni hata siku za Jumamosi. Wa pili alikuwa mama mtunza masijala, Mgogo wa Mpwapwa aliyestaafu serikalini kisha akaajiriwa tena kwetu. Kazi yake ilikuwa kuchapa kila barua iliyoingia kwa mtandao, kuitoboa, na kuifunga kwenye jalada lenye namba. Ofisi nzima ilimwamkia shikamoo kwa midomo na kumcheka kwa mioyo. Wa tatu nilikuwa mimi, niliyejitolea, kwa sababu nilikuwa na ukurasa wa shangazi na nilitaka kuuweka mahali pa uhakika. Nilidhani nimepata bahati ya kutimiza ahadi yangu saa za kazi.

Programu ya kwanza ilizipanga alamisho kama kadi zenye picha. Ulipoweka kiungo, ilichota picha kutoka kwenye ukurasa na kuitundika juu, hivyo makala kuhusu kipindupindu ilitokea na picha ya glasi ya maji safi, na ripoti ya ukame na sura ya mhisani akitabasamu. Mtaalamu aliipenda kwa mapenzi ya kweli. Aliniambia nitazame mwonekano wake. Nilimuuliza inafanya nini zaidi, akaniambia tena nitazame mwonekano wake. Niliwahi kuona wauza samani wakisifia kabati kwa jinsi linavyong'aa, lakini hata wao ukiwauliza hufungua mlango.

Programu ya pili ilikuwa ya lebo. Kila alamisho ilibandikwa lebo, na lebo ilikuwa na rangi. Hapa kamati ilipata kazi yake halisi. Vikao vitatu tulijadili kama lebo ya kilimo inajumuisha mifugo. Kikao cha nne tulikubaliana kwamba haijumuishi, na kikao cha tano mkurugenzi akatutengua, kwa kuwa yeye alikulia zizini na aliona amebaguliwa. Tukaweka lebo ya Muhimu. Ikaonekana kwamba vitu vingi ni muhimu, tukaweka Muhimu Sana. Na baadaye, ili kuvitofautisha vilivyo muhimu kweli, Muhimu Mno. Mkurugenzi alipopewa nafasi ya kujaribu, alibandika viungo vyake vyote Muhimu Mno, na vyote akavitia kwenye folda moja iitwayo Soma Baadaye. Sijapata kuona mahali palipo pagumu kufufuka kama folda hiyo. Watu huweka humo wanachotaka kuonekana wamesoma, kama yule anayehudhuria mazishi ili jina lake lisomwe katika orodha ya waliofika.

Mama wa masijala alikuwa akifuma kitambaa vikao vyote hivyo. Siku ile aliinua kichwa na kuuliza swali moja tu. Alitaka kujua kama programu hiyo inaweka ukurasa wenyewe, au inaweka njia ya kwenda kwenye ukurasa.

Mtaalamu alicheka. "Mama, ni kitu kilekile."

"Njia ya kwenda kwetu Mpwapwa ninayo," alisema mama. "Mama yangu sinaye."

Mtaalamu akanitazama ili tucheke pamoja. Nasema kweli, na naisema kwa kinyaa: nilicheka.

Programu ya tatu ndiyo iliyonilazimisha kuandika haya. Ilikuwa na sura mbaya. Haikuwa na kadi wala picha. Ilikuwa orodha ya maandishi meusi kwenye skrini nyeupe, kama tangazo la kupotelewa na ng'ombe. Ilitengenezwa na mtu mmoja aliyeandika maelekezo yake bila hata salamu. Lakini ulipoipa kiungo, ilikwenda, ikaunakili ukurasa mzima, neno kwa neno, na kuuweka kwenye kompyuta yako mwenyewe, ukabaki hapo hata kama mwenye tovuti ataifuta kesho. Ilihitaji tu kompyuta moja ya zamani iliyokuwa stoo iwashwe na kuachwa ikiwaka.

Mtaalamu aliikataa kwa sababu ni ya kizee. Na mimi niliikataa kwa sababu ya maadili. Nilisimama, ndiyo, nilisimama katika kikao cha watu watatu, na nikasema, kwa sauti ya mtu anayejisikiliza, kwamba kunakili kazi ya mtu bila idhini yake ni aina ya wizi. Kwamba sisi tunaohubiri haki vijijini hatuwezi kujenga maktaba yetu kwa mali ya wengine. Kwamba kiungo kinamheshimu mwandishi, ilhali nakala inampora. Ilikuwa hotuba nzuri. Chuoni ningepigiwa makofi. Haikunipitia akilini hata nukta moja kwamba maneno niliyokuwa nikiyatafutia hifadhi yalikuwa ya shangazi yangu, kwamba mwenye mali alikwisha kunipa idhini kwa kinywa chake, na kwamba kama kuna aliyeyachukua kwake basi ni ile tovuti niliyokuwa nikiitetea.

Kikao kilipokwisha, mama wa masijala alinifuata mezani. Aliuliza ukurasa wa shangazi yangu, niliowahi kumsimulia, ukichapwa utakuwa karatasi ngapi.

"Kumi na mbili, mama."

"Lete nikuchapie."

Nilimweleza kwamba ofisi imeamua kupunguza matumizi ya karatasi, na kwamba kila karatasi ni mti. Alitazama nje dirishani, kwenye uwanja wetu wa vumbi na ua wa miiba, akatazama kwa muda mrefu kana kwamba anatafuta kitu.

"Miti ipi, mwanangu?" akauliza, kisha akarudi kwenye majalada yake.

Tulichagua programu ya pili. Tukafanya mafunzo ya siku nzima ya kubandika lebo, tukapigwa picha. Niliuhamishia ukurasa wa shangazi humo kwa mikono yangu na kuubandika lebo tatu: Familia, Busi, Muhimu Mno. Ulikaa vizuri, na nembo ya chuo pembeni. Nilijisikia mtu aliyetimiza ahadi.

Miezi kadhaa baadaye binamu yangu, yule binti wa mwisho wa shangazi, aliposwa. Alikuwa akifundisha shule ya msingi karibu na Kibaigwa, na huko ndiko alikokutana na kijana anayepima mahindi sokoni pamoja na baba yake. Walipendana kwa utulivu, bila kuficha. Wazee wa pande mbili walipokaa kuulizana asili ndipo ilipojulikana kwamba baba wa kijana, ambaye Kibaigwa nzima inamjua kama dalali wa mahindi, zamani alikuwa fundi mwashi Busi. Mkewe alifariki mwaka wa njaa. Akamchukua mtoto, akahama, hakurudi. Kijana huyo ndiye mtoto wa mwashi.

Kwamba alinyonyeshwa na wanawake wa Busi lilikuwa halina ubishi. Baba yake alisema walikuwa watatu au wanne, mmoja wao shangazi, lakini yeye alikuwa anashinda kwenye kazi za watu na hakuhesabu. Wale wengine wamekwisha kufa. Sheikh aliuliza swali moja: kwa mama huyu, alishiba mara ngapi? Kama ni tano, hawa ni ndugu na hakuna ndoa. Kama ni pungufu, waoane kwa baraka. Shangazi aliulizwa asubuhi, akasema alinyonya hadi akalala kifuani. Aliulizwa jioni, akasema aliyelala ni pacha wa nyumba ya kisimani, na mtoto wa mwashi aliletwa mara moja tu akakataa titi. Kesho yake aliuliza mwashi ni nani.

Binamu yangu akanipigia simu.

"Kaka, ule ukurasa wa mama si unao?"

"Ninao."

"Mle alitaja na hesabu?"

Nilimwambia alitaja kila kitu. Akapumua. Akaniomba nisiutume kwa simu. Niende Busi mwenyewe, niusome mbele ya sheikh na wazee wa Kibaigwa, ili pasiwe na wa kusema umechezewa.

Nilifungua programu. Alamisho ilikuwapo, lebo tatu zilikuwapo, rangi zake ziking'aa. Nikabonyeza. Ukaja ukurasa mweupe wenye nembo mpya ya chuo na maneno mawili: Ukurasa haupatikani.

Sitawachosha na siku zilizofuata. Chuo kilikuwa kimetengeneza tovuti mpya, na karani niliyempata alinieleza kwa upole kwamba mambo ya zamani hayakuhamishwa. Alilisema hilo kama mtu anayekupongeza kwa nyumba mpya. Mwanachuo nilimpata, anafanya kazi benki. Alikumbuka shangazi na mboga zake, lakini rekodi zilikuwa kwenye kompyuta iliyoharibika. Nilikwenda hadi kwenye maghala ya mtandao, yale yanayonakili kurasa za kale. Walikuwa wamenakili ukurasa wa mbele wa idara, wenye picha ya mkuu wake amekaa mezani. Ndani hawakuingia. Mtaalamu wa mifumo alipoona nahangaika, alinifariji kwamba angalau kumbukumbu ya kiungo bado tunayo, na imepangwa vizuri.

Na mimi, niliyeusoma ukurasa ule kwa sauti yangu mwenyewe, mstari kwa mstari, nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka mboga. Nilikumbuka utani wa masikio ya kuazima. Nilikumbuka kwamba palikuwa na namba. Nilikuwa nimeacha kuyasikiliza maneno tangu nilipojua yapo mahali.

Nilikwenda Busi bila kuwa nimemwambia binamu yangu. Walikuwa wamekaa wote: sheikh, baba wa kijana na ndugu yake, binamu yangu pembeni na mtandio wake, na shangazi ameegemea ukuta. Ilikuwa siku yake nzuri. Alinitambua, akaniita baba, akawaambia wageni kwamba huyu ndiye aliyehifadhi. Kisha akakunja mikono mapajani.

"Haya, soma."

Niliwaeleza. Nilieleza tovuti ni nini, na seva, na kiungo, na namna ukurasa unavyoweza kuondolewa huku alamisho ikibaki. Nilieleza vizuri sana. Kueleza ndiko nilikosomea. Shangazi alinisubiri nimalize.

"Sikukuomba simu," alisema. "Nimesema soma."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa na shahada ukutani kwetu na lebo zangu tatu, kwamba kwa mwanamke huyu neno kuhifadhi lilikuwa na maana moja tu: ile ya madrasa. Kuhifadhi ni kuyatia maneno kifuani hadi uweze kuyasoma umefumba macho. Alikuwa ameniomba niyabebe kama yeye alivyoyabeba. Aliniona nikibonyeza kinyota, akadhani ni desturi ya wasomi kabla ya kuanza kukariri.

"Binti wa jirani hapo kahifadhi juzuu thelathini," aliendelea, bila ukali, kama anayeuliza bei. "Hana simu. Wewe karatasi kumi na mbili, baba?"

Hakuna aliyecheka. Binamu yangu alinyoosha mkono akaichukua simu yangu. Aliitazama alamisho ile, akasoma zile lebo kwa sauti, taratibu, kama anavyowasomea wanafunzi wake: Familia. Busi. Muhimu Mno. Akanirudishia.

Sheikh alisema kwamba penye shaka mtu mcha Mungu hujiepusha, na kwamba hawezi kufungisha ndoa ambayo huenda ni ya kaka na dada. Lakini baba wa kijana aliomba muda, naye sheikh akautoa: hadi mavuno yaingizwe ndani. Ushahidi wa kuaminika ukipatikana kabla ya hapo, kwa upande wowote, utafuatwa. Usipopatikana, posa itarudishwa. Binamu yangu amerudi kufundisha. Kijana anapima mahindi. Hawaonani, kwa sababu hawajui wakionana wasalimiane kama nani.

Ofisini, mkurugenzi ameunda kamati mpya, kwa kuwa kampuni yenye programu yetu imetangaza kwamba inaifunga na kila mtu ahamishe alamisho zake. Mtaalamu ameleta programu nyingine ya kadi. Nilikataa kuwamo, na safari hii sikutoa hotuba. Mama wa masijala hakuniambia neno lolote la nilikwambia. Aliniletea jalada jipya, tupu, lenye kamba yake, ameandika juu kwa kalamu ya wino: Busi. Liko mezani kwangu. Nilichoweza kutia humo hadi leo ni karatasi moja niliyoandika kwa mkono, yenye mambo niliyoyakumbuka kwa hakika, na hayajai nusu ukurasa.

Ndiyo maana naandika, na ninachokuomba, msomaji, ni hiki. Kama uliwahi kukutana na mahojiano ya mama wa Busi aliyenyonyesha watoto wa wenzake mwaka wa njaa, na ukayachapa, au ukayanakili daftarini kwa ajili ya masomo yako, au kuna mtu unayemjua aliyefanya hivyo, tafuta mahali anapotajwa mtoto wa mwashi. Tazama pameandikwa alishiba mara ngapi. Hata kama ni tano, ambayo sipendi iwe, lete hivyohivyo. Fika Busi kabla mavuno hayajaingizwa ndani, uulize nyumba ya mama mnyonyeshaji, utaonyeshwa. Leta karatasi, au njoo umeyahifadhi kifuani. Kiungo usitume.